Mwanangu, kuhusu riwaya yako ya meli

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unauliza: kwenye riwaya yako ya MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, mjomba wako umwite kwa jina lake au umbadilishie? Jina ni jambo dogo. Hata melini halikuandikwa. Orodha ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Yeye alipandia Kemondo na mikungu yake ya ndizi, daraja la tatu, na hao hakuna aliyewaandika. Ndiyo maana Babu yako alishinda uwanja wa Nyamagana, Mwanza, akifunuliwa maiti, shuka moja baada ya nyingine, akarudi mikono mitupu. Tunasema yuko makaburini Igoma na wale wasiotambuliwa. Tunasema tu.

Mimi linaloniuma ni yule kijana wa kijiji cha pili. Alikuja matangani, akakaa mkekani, akatafuna kahawa yetu, akasema alikuwa melini na mjomba wako. Eti asubuhi ile ya Mei 21, 1996, meli ilipolala ubavu, mjomba wako alimsukumia mtoto wa watu dirishani akaokoka. Wanawake wakaangua kilio upya. Uongo mtupu! Asubuhi hiyohiyo mimi nilimwona kijana huyo sokoni kwa macho yangu, anashusha magunia ya mahindi.

Nikamfuata Babu mgombani kumwambia. Akasema, "Najua. Mwache amalize." Jioni akamwita arudie tena, akamuuliza yule mtoto alivaa nini. Muongo akafikiri kidogo, akasema sweta ya kijani, kifungo kimoja hakipo.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Kilio huanza mfiwa, nimekuimbia hilo tangu unanyonya. Wa mbali hatangulii. Lakini sasa, mfiwa ni nani? Wewe ulikuwa tumboni mwangu. Sauti za watu wakigonga chuma kutoka ndani, meli imeshapinduka, na walio nje wakatoboa, hewa ikatoka, ikazama: hayo yanajulikana. Ila ya huko ndani utayatunga, kama yule kijana alivyotunga.

Hapana, wewe si kama yule. Yeye alitaka kahawa na sahani ya wali. Au labda naye alikuwa na lake, sikumuuliza. Babu ndiye aliyemwelewa, na Babu ndiye mfiwa wa kwanza, kwa hiyo hata methali yangu hainisaidii. Nami nikifumba macho namwona mtoto huyo, sweta na kifungo kilichopotea, mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Ningependa kukukataza. Kalamu iko mkononi na neno lenyewe liko tayari, lakini siliandiki. Jina lake litumie. Ile sura ya ndani ya meli mpe baba yako asome kwanza, mimi bado. Na pale ulipoandika alipandia Bukoba mjini, rekebisha.

Mama yako