Maswali ya Wasomaji: Meli ya Nafaka ya Msaada

Toleo hili tumekusanya maswali yanayohusu shehena ya kichele, yaani nafaka inayomwagwa ngamani (vyumba vya mizigo tumboni mwa meli) bila magunia, hasa ile ya msaada wa chakula. Bei za dola tulizotumia ni za mfano wa hesabu tu. Soko la meli hubadilika kila wiki.

Shirika letu limeahidiwa tani 25,000 za mtama kutoka ng'ambo, tuzipokelee Mombasa kwa ajili ya wilaya zenye ukame. Nauli tumepewa, meli tutafute wenyewe. Dalali ametuletea bei tatu na wakubwa wanataka ile ya chini. Tuanzie wapi?
*Afisa ugavi, Nairobi*

Anzeni bandari ya kupokelea, kisha mrudi nyuma hadi kwa dalali. Nauli hupangwa kwa dola kwa tani, hivyo kwa mzigo wenu dola moja ni dola 25,000. Meli iliyo chini kwa dola tatu inawaokolea 75,000. Lakini demareji, yaani malipo ya kila siku kwa kuichelewesha meli, ikiwa ni dola 14,000, akiba hiyo yote imekwisha siku ya sita.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu dalali, pateni majibu ya maandishi kutoka kwa wakala wenu wa bandarini. Meli yenye mzigo itaruhusiwa kuzama kina gani gatini, kwa tarehe hizo na kwa kupwa na kujaa kwa maji ya siku hizo? Itapakuliwa kwa mtambo wa nafaka au kwa makucha ya kreni? Gati hilo lina foleni ya meli ngapi? Na la nne, ambalo watu hulisahau: malori. Mkiahidi kupakua tani 2,500 kwa siku, mnahitaji malori 90 ya tani 28 yakijaa kila siku. Lori likitumia siku nne kwenda bara, kushusha na kurudi, hayo ni malori 360 barabarani kwa wakati mmoja. Hamnayo? Basi kodisheni ghala karibu na bandari, au punguzeni kasi mnayoiahidi kwenye mkataba. Meli haipakuliwi haraka kuliko lori la mwisho linavyoondoka getini.

Ukubwa wa meli unatokana na ujazo na uzito pamoja. Tani moja ya mtama hula takriban mita za ujazo 1.35, kwa hiyo mnahitaji ngama zenye nafasi ya 33,750 au zaidi. Kwa uzito, ongezeni mafuta, maji ya kunywa na vifaa, kama tani 1,500 hadi 2,000. Meli ya tani 28,000 inawatosha. Msidanganywe na nauli nafuu ya meli ya tani 55,000 mkashiriki ngama na mfanyabiashara mwingine, isipokuwa mkataba umeeleza wazi nani anapakuliwa kwanza na nani anabeba gharama ya kusubiri.

Tafuteni meli yenye kreni zake hata kama bandari ina mitambo. Mtambo wa nchi kavu ukiharibika, kreni za meli ndizo zitakazowaokoa. Daini cheti cha daraja, yaani uthibitisho wa ubora wa meli, kutoka chama cha ukaguzi kilicho ndani ya IACS (umoja wa kimataifa wa vyama vya ukaguzi wa meli), bima ya dhima ya wenye meli iliyo hai, na orodha ya shehena tatu zilizotangulia. Iliyobeba saruji, makaa ya mawe au mbolea inaweza kusafishwa, ila mkaguzi huru aingie ngamani kabla ya punje ya kwanza kumwagwa. Anachotafuta ni kutu inayobanduka, rangi inayomenyeka, unyevu, harufu, mabaki pembeni mwa mbavu za meli, na wadudu. Vifuniko vya ngama vipimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwani maji ya bahari yanayoharibu nafaka kwa kawaida hupenya kwenye mipira ya vifuniko hivyo.

Fomu za mkataba zipo tayari. Gencon ni ya shehena za kila aina, Norgrain ni ya nafaka, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lina yake inayoitwa Worldfood 99. Fomu iliyochapwa si tatizo. Someni vifungu vya nyongeza vilivyobandikwa nyuma, kwa sababu ndivyo vinavyoshinda.

Meli tuliyokodi ilikaa nangani siku tisa kwa sababu gati lilikuwa na meli nyingine. Ilipofungwa, mvua ikanyesha. Sasa mwenye meli anatudai demareji ya siku kumi na moja, zikiwemo Jumapili na siku za mvua. Kosa letu ni lipi?
*Msomaji, Mombasa*

Pengine mlikosea siku ya kutia saini. Tuifungue hesabu yenyewe.

Nahodha akifika hutoa taarifa ya utayari: nimefika, ngama ziko tayari. Saa ya kupakua huanza kutokana na taarifa hiyo. Chini ya Gencon ya 1994, taarifa ikitolewa kabla au saa sita kamili mchana, saa inaanza kuhesabiwa saa saba mchana huohuo. Ikitolewa baadaye ndani ya saa za kazi, inaanza saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Mkataba ukisema taarifa inakubalika "meli iwe gatini au isiwe gatini", basi siku zile tisa za nangani ni zenu. Foleni ya bandari mmeibeba nyinyi, na mwenye meli anatumia haki aliyopewa.

Halafu mvua. Mikataba mingi ya nafaka huhesabu siku za kazi zenye hali nzuri ya hewa: mvua ikinyesha vifuniko vikafungwa, saa inasimama. Jumapili na sikukuu nazo huachwa, na kwa bandari kama Port Sudan huandikwa Ijumaa. Lakini msamaha huo unadumu wakati siku zenu za kupakua, zile mlizopewa na mkataba bila malipo ya ziada, bado zipo. Tani 25,000 kwa kasi ya 2,500 ni siku kumi. Zikiisha, meli imeingia kwenye demareji, na tangu hapo mvua, Jumapili, Idi na Krismasi vyote vinahesabiwa. Wanasheria wa meli wa Kiingereza wana msemo kwamba ukishaingia kwenye demareji umeingia moja kwa moja, na mahakama za London huufuata. Kwenu, siku tisa za nangani zilikula karibu muda wote kabla gunia la kwanza halijajaa.

Hata hivyo msilipe kabla ya kukagua. Ombeni taarifa ya matukio iliyosainiwa na wakala, nahodha na mpakuaji, mlinganishe saa kwa saa. Taarifa ya utayari ilitolewa meli ikiwa ndani ya mipaka ya bandari? Kreni ya meli iliharibika? Saa hizo si zenu. Muda wa kuhama kutoka nangani hadi gatini kwa kawaida hauhesabiwi, kama mkataba umesema hivyo. Mvua iliyonyesha kabla siku hazijaisha ilikatwa, au imesahauliwa? Kwenye madai ya aina hii saa mbili huku na tatu kule hugeuka siku nzima.

Safari ijayo angalieni kalenda. Meli inayofika Mombasa kati ya Machi na Mei inafika masika. Ombeni kasi ya tani 1,800 kwa siku badala ya 2,500, mpate karibu siku kumi na nne. Mwenye meli ataongeza nauli kidogo, na mara nyingi nyongeza hiyo ni nafuu kuliko demareji. Mkimaliza mapema naye anawalipa fidia ya siku mlizookoa, kwa kawaida nusu ya kiwango cha demareji.

Hati ya shehena inasema tani 25,000. Magunia tuliyohesabu ghalani yanafika tani 24,690. Nani kaiba?
*Mtunza ghala, Dar es Salaam*

Inawezekana hakuna. Mzigo wa kichele hupimwa kwa kusoma alama za kina ubavuni mwa meli kabla na baada ya kupakia, na njia hii hukubaliwa kuwa na kosa la hadi nusu ya asilimia. Kwenu hiyo ni tani 125. Meli ya ukubwa huo huzama sentimita moja kwa kila tani 40 hivi, kwa hiyo wimbi dogo likimchanganya mpimaji kwa sentimita tatu, tani 120 "zimepotea". Akipima meli yenye uzito wa jumla wa tani 33,000 akidhani maji ni ya bahari tupu, yenye uzito wa tani 1.025 kwa mita ya ujazo, kumbe yamechanganyika na ya mto yakawa 1.020, kosa ni tani 160. Ndiyo maana mpimaji mzuri huchota maji kwa ndoo pande zote mbili za meli na kuyapima kwa haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji, wala haamini namba ya mwaka jana.

Unyevu nao huondoka. Nafaka ikishuka kutoka asilimia 13.5 hadi 13, tani 25,000 zinapungua karibu 144 bila mtu kugusa kitu. Kisha angalieni mizani ya kujazia. Kila gunia la kilo 50 likizidi gramu 100, magunia nusu milioni yamemeza tani 50 zisizoonekana kwenye hesabu ya magunia.

Mkijumlisha hayo, tani 310 zinaelezeka. Lakini kuelezeka si kuthibitishwa. Kama mpimaji huru alisoma meli Dar es Salaam kabla na baada ya kupakua na alipata tani 25,000 kamili, upungufu umetokea kati ya gati na ghala, na hapo ndipo mnaanza kuuliza habari za malori.

Nilikuwa kibarua kwenye meli ya ngano. Tuliambiwa tusiingie ngamani kwa sababu ya dawa, lakini msimamizi mwingine akasema harufu imekwisha, tushuke. Nani alikuwa sahihi?
*Msomaji, Tanga*

Yule wa kwanza. Dawa hiyo ni gesi ya fosfini, inayotoka kwenye vidonge au mifuko ya fosfidi ya alumini vinapokutana na unyevu. Inaua fukusi na dumuzi, na inaua binadamu vilevile. Wengine huisikia kama harufu ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, wengine hawaisikii kabisa. Pua si kipimo. Vifuniko vifunguliwe, ngama ipewe hewa, kisha mtu mwenye kifaa cha kupimia gesi aandike kwamba pameruhusiwa. Apime pia hewa ya oksijeni, kwani nafaka iliyofungiwa huitumia.

Mifuko ya dawa iondolewe na wataalamu kabla kreni haijaanza. Unga wa dawa ambao haujamaliza kutoa gesi ukimwagiwa maji unaweza kuwaka.

Kwa wenye mizigo: safari fupi haitoshi kwa dawa. Kwenye joto la pwani huhitajika siku tano au zaidi, na kwenye nafaka ya baridi ni nyingi zaidi. Meli ya siku tatu ifukizwe ikiwa imesimama.

Kwa nini nahodha alikataa kuondoka eti ngama moja imejaa nusu? Mzigo ulikuwa wote umeingia.
*Mwanafunzi wa ubaharia, Zanzibar*

Kwa sababu nafaka hutiririka karibu kama maji. Meli ikienda mrama, uso wa nafaka kwenye ngama isiyojaa huteremkia upande mmoja na haurudi. Kanuni ya Kimataifa ya Nafaka hudhania uso huo utahama kwa nyuzi 25 katika ngama iliyojaa nusu na 15 katika iliyojaa, kisha inataka hesabu ionyeshe kwamba meli haitalala zaidi ya nyuzi 12 na kwamba kimo cha uthabiti, kipimo cha uwezo wa meli kujinyoosha, kinabaki angalau mita 0.30. Nahodha wenu aliona hesabu haifiki. Dawa yake ni kupanga upya mzigo ngama nyingi zijae kabisa na kusawazishwa, au kufunika uso wa ile nusu kwa magunia yaliyopangwa na kufungwa.

Nafaka ya Bahari Nyeusi bado inakuja kwa Bahari ya Shamu?
*Msomaji, Muscat*

Inawezekana, ila msiandike mkataba kana kwamba njia ni moja. Tangu mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yaanze Novemba 2023, meli nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kutoka Odesa hadi Mombasa mzunguko huo ni zaidi ya mara mbili ya njia ya Suez. Kubeba chakula si kinga: Februari 2024 meli Sea Champion ilishambuliwa ikipeleka nafaka Aden. Mkataba useme nani analipa nyongeza ya bima ya vita, inayokokotolewa kwa asilimia ya thamani ya meli, na nauli itakuwa ngapi nahodha akichagua kuzunguka.

Kuna jambo gani dogo linalokwamisha meli kubwa?
*Msomaji, Lilongwe*

Magunia matupu. Kwa tani 25,000 agizeni 500,000 na nyongeza ya asilimia mbili hadi tano ya kuchanika, pamoja na uzi na sindano za mashine. Mkipakua 2,500 kwa siku, mnajaza gunia kama 35 kila dakika, usiku na mchana. Uzi ukiisha Jumamosi usiku, meli inasimama.

Na swali la nafaka iliyobadilishwa vinasaba liulizwe kabla meli haijakodiwa. Mwaka 2002 Zambia ilikataa mahindi hayo ya msaada, na nchi jirani, yenu ikiwemo, zikataka yasagwe kwanza. Aliye na meli baharini wakati barua kama hiyo inafika ana mzigo usio na pa kushuka, na demareji inaanza.