Kobe kwenye Dashibodi: Nairobi hadi Mombasa kwa Gari la Umeme

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Thika aliniandikia. Ameweka akiba, anataka kununua Nissan Leaf ya mtumba, gari la umeme, na kila mwisho wa mwezi huenda kwao Malindi. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, litafika?"

Litafika. Mimi na Leaf yangu tumefika Mombasa mara tatu tangu ile safari ya kwanza, na picha za kivuko cha Likoni ninazo. Lakini acha nikusimulie ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonifunza, na nikisema ukweli bado inaniuma.

Mpwa wangu alikuwa anaoa. Akdi ilipangwa Ijumaa baada ya isha, na mjomba wa bwana harusi ni mimi peke yangu, hakuna mwingine. Gari nilikuwa nalo miezi minne. Mjini lilikuwa limenipumbaza kabisa: foleni ya Ngong Road unakaa saa nzima na betri haishuki sana, kwa kuwa gari la umeme likisimama hula kidogo tu. Petroli niliisahau. Jamaa kazini nikawa nawatazama kwa huruma wakizungumzia bei ya mafuta. Nikatangaza kwenye kikundi cha familia kwamba nakuja kwa gari la umeme, na nitakuwa pwani kabla ya alasiri.

Betri ya gari langu ilikuwa ya yuniti 40 ilipotoka kiwandani (nasema yuniti, zilezile za tokeni za stima). Fundi alipoipima alikuta imebaki asilimia 86. Kwa hiyo nina yuniti 33 hivi za kutumia, na barabara ni kilomita 480 na ushee. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeniambia. Mimi niliitazama dashibodi alfajiri ile ikiniambia kilomita 231, nikaiamini kama kadhi. Kumbe dashibodi hukisia kwa mwendo wako wa juzi na jana, na juzi na jana nilikuwa kwenye foleni.

Tukatoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi, mke wangu, watoto wawili na sanduku la zawadi. Baada ya Machakos Junction barabara ikafunguka, nikakaa kwenye 110, kiyoyozi juu. Hapa ndipo pa kuelewa: ukitoka 80 ukafika 110, upepo unaokuzuia unakaribia kuwa mara mbili. Gari la petroli nalo linazuiwa vivyo hivyo, ila hasara huioni kwa sababu kila baada ya kilomita kadhaa kuna pampu. Tulipofika Emali, kilomita 125 hivi, ningesema nusu ya betri ingebaki. Ilibaki asilimia 34.

Sikushtuka, kwa kuwa ramani ya simu ilinionyesha kituo cha chaji mbele kidogo. Nikakifika. Chaja ipo, inang'aa, ina taa ya kijani. Mdomo wake, yaani plagi inayoingia garini, ni wa aina iitwayo CCS2. Leaf yangu ya Japani inataka aina nyingine, CHAdeMO. Mdomo wa CHAdeMO nao ulikuwepo, umefungwa kwa karatasi ya nailoni na utepe. Kijana wa pale akaniambia umekufa tangu wiki iliyotangulia, akaniuliza kama nilipiga simu kabla ya kuja.

Sikupiga. Nimeyasikia maneno hayo usingizini mara nyingi.

Kilomita chache kabla ya Makindu kitaa kikawaka kwenye dashibodi. Leaf ikiishiwa nguvu huonyesha kitaa kidogo chenye umbo la kobe. Watoto wakafurahi, "Baba, kuna kobe!" Nikakanyaga, gari likawa kama mtu aliyelegea magoti. Nyuma yangu trela ya makontena inapiga honi, pembeni watu wa mbuzi wananitazama, na mke wangu kanyamaza ule unyamavu mnaoujua nyinyi mliooa. Tukajikokota hadi Makindu.

Mke wangu akasimamisha basi, akapanda na watoto na sanduku. Nami nikabaki na gari.

Gesti niliyoipata haikuwa na chaja, ina matundu ya ukutani tu. Mhudumu akanipa ekstensheni ya televisheni. Haikupita nusu saa mlinzi akaja: "Mzee, waya wako unanuka." Plagi ilikuwa imepinda upande mmoja na kuwa kahawia kama ukingo wa chapati iliyoungua. Ikabidi gari lisogezwe hadi dirisha la jikoni, friji la soda lichomolewe, na kebo yangu ichomekwe pale pale ukutani. Nikalipia na soda zilizopata joto. Tundu la kawaida linatoa kilowati mbili na kidogo, yaani yuniti mbili na kidogo kwa saa, kwa hiyo kujaza betri yangu ni saa 15. Mchana nikala hekaluni kwa Masingasinga, wanaolisha wasafiri bure miaka nenda miaka rudi, na chakula chao ni kitamu. Usiku, baada ya isha, nikiwa nimekalia kreti la soda, nikamsikia mpwa wangu kwa simu akisema amekubali kumuoa.

Niliingia Mombasa Jumamosi alasiri, baada ya kuchaji tena Voi. Shemeji yangu, mwenye Probox inayofika Nairobi kwa saa nane, alinipokea mlangoni. "Karibu, Mjomba Kobe. Akdi ilikuwa jana." Hadi leo watoto wa ukoo mzima wananiita hivyo. Wengine nadhani hawalijui jina langu.

Sasa mwalimu, ushauri wangu. Piga simu. Usiamini ramani, usiamini taa ya kijani, mpigie mtu aliye pale umuulize mdomo upi unafanya kazi leo, si juzi. Nenda na kebo yako nene, na ekstensheni ya televisheni uiache kwenye televisheni. Endesha 75 au 80, uwaache wenye haraka wapite. Na kabla ya yote hayo, piga simu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: kushuka si kupanda. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari. Gari lenye watu ni tani moja na robo tatu hivi, na kulipandisha urefu huo kunahitaji yuniti nane kasoro kidogo, mbali na zile za kwenda mbele. Kwangu hiyo ni karibu robo ya betri. Ukishuka, gari hujichaji lenyewe, na sehemu kubwa unarudishiwa. Kuanzia Mazeras hadi Miritini asilimia yangu hugoma kushuka. Kwa hiyo kwenda nafika Mtito Andei nikiwa na asilimia 15 hivi, nalala nikichaji, kesho yake niko Mombasa. Kurudi, Mtito Andei sifiki. Nalala Voi, nalala Makindu, siku ya tatu naingia Nairobi.

Ndiyo, siku mbili kwenda na tatu kurudi. Najua unavyocheka. Ukiwa na fedha, nunua lenye betri kubwa. Jirani yangu ana BYD Atto 3 ya yuniti 60.5, mdomo wake ni CCS2, naye alisimama mara moja tu kuchaji akafika usiku uleule. Kwa hiyo wanaosema gari la umeme haliwezi safari ndefu wanasema uongo. Wanaosema Leaf ya mtumba ya mwalimu itaenda Malindi na kurudi Jumamosi na Jumapili, nao wanasema uongo, na hao ni wabaya zaidi kwa kuwa wanakuuzia.

Lakini nikuulize, mwalimu: nani alikuambia njia ya kwenu ni ya kumalizwa kwa saa nane? Nilipita barabara ile miaka 20 nikiwa sijui Kibwezi pana nini. Sasa najua mama wa maembe, najua mlinzi wa Voi ana binti Chuo Kikuu, nimewaona tembo wekundu wa Tsavo nikiwa nakwenda 75. Sisi tumekuwa watu wa kupita tu. Tunapita miji, tunapita wazee, tunapitana kwenye kona tukiwa hatuoni mbele, kisha tunazikana. Punguzeni mwendo, jamani.

Mwezi uliopita shemeji mwenyewe, Probox ikiwa gereji, aliomba nimpe lifti hadi Nairobi. Nikafurahi, nikamwambia afungashe, tutalala Voi, kisha tutalala Makindu. Akaniuliza treni inaondoka saa ngapi.