Nilifika saa sita mchana, nikaona mawe matupu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ukipewa siku moja tu jangwani, utaitumia kutazama michoro ya kale iliyo kwenye mawe, au milima yenye rangi?" Nimelisoma nikacheka. Mimi siku hiyo moja nilipewa, nikaiharibu, ikabidi niibe ya pili kwenye ratiba.

Ilikuwa Namibia, upande wa kaskazini-magharibi, mahali panapoitwa Twyfelfontein. Hilo ni jina la walowezi. Wadamara, wenyeji wa pale, wanapaita ǀUi-ǁAis, na ile mistari iliyosimama ni sauti za kidoko, za kugonga ulimi, ambazo nilijaribu kuzitoa mpaka mama aliyekuwa akituongoza akanishauri kwa upole nipumzike. Maana yake ni chemchemi inayorukaruka. Hayo maji nitayarudia baadaye.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu. Yeye ni mtu wa milima. Alikuwa ameona picha za Mlima Ulioungua, ambao uko kilomita chache tu kutoka kwenye michoro, na tangu tulipojaza petroli mji wa Khorixas hakuwa na hadithi nyingine. Mimi nilifuata michoro. Barabara ya huko ni ya changarawe, inatikisa gari hadi meno yanagongana. Tukapata pancha. Tulibadilisha tairi juani, spana ikiwa ya moto hata kuishika ni kwa kitambaa, na mpaka tumefika geti la michoro ilikuwa saa sita kamili mchana.

Hapo ndipo nilipoiharibu siku. Michoro ya Twyfelfontein mingi haikupakwa rangi. Imegongwagongwa kwenye uso wa mwamba kwa jiwe gumu zaidi, tundu dogo baada ya tundu dogo, na kina chake ni kifupi mno. Unachokiona ni kivuli kilichojificha ndani ya hivyo vitundu. Jua likiwa utosini hakuna kivuli. Mama yule (huwezi kuingia bila mwongozaji wa pale, na ni sheria nzuri) alisimama mbele ya bamba la mwamba akatuambia hapa kuna twiga, pale kifaru, chini yake mbuni. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa kama mtoto asiyejua somo. Shemeji hakujisumbua kuitikia. Aliniambia, "Shemeji, mtu akitaka twiga atamwona hata kwenye ukuta wa jiko."

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Tuliona mawe mekundu yenye joto, basi.

Kesho yake nilimburuta tukafika mara tu geti lilipofunguliwa. Mama alikuwa yuleyule, na nadhani alitutambua kwa sababu alitabasamu kabla ya kutusalimu. Jua lilikuwa chini, linatambaa ubavuni mwa mlima, na bamba lilelile la jana lilikuwa limejaa wanyama. Twiga wamesimama shingo juu. Vifaru wana pembe zao mbili. Nyayo za pundamilia na za swala zimepangwa zenyewe, bila mnyama, na kando yake nyayo za watu. Kuna tandala jike mwenye mimba, anayecheza. Kuna sili, mnyama wa baharini, na bahari kutoka pale iko kama kilomita 100! Aliyemchora alikuwa amekwenda pwani kwa miguu na akarudi, au alisikiliza kwa makini sana mtu aliyekwenda.

Halafu kuna simba. Nilikuwa nimemsoma lakini kumwona ni jambo lingine. Mkia wake ni mrefu kupita kiasi, umekunjika kwa pembe kama ulivunjwa, na mwishoni mwake kuna unyayo. Kila mguu una vidole vitano. Simba akikanyaga mchanga anaacha alama za vidole vinne, na wachoraji hawa walikuwa wawindaji ambao maisha yao yalitegemea kusoma nyayo. Hawakukosea hesabu. Wataalamu wengi wanasema huyo ni mtu, mganga aliyezama katika ngoma hadi akavuka akawa simba, na vidole vya kibinadamu vikabaki kumsaliti. Maelezo hayo yananishawishi kwa sababu ya vile vidole tu. Kwa kawaida nina shaka na anayejua maana ya kila mchoro. Kule mlima Brandberg, nchini humohumo, kuna picha ya rangi ambayo mtafiti Mfaransa Henri Breuil aliiita Bibi Mweupe akiamini ni mwanamke aliyetoka pande za Bahari ya Kati. Leo watafiti wanaona ni mwanamume, tena Mwafrika, huenda mganga. Jina limebaki hivyohivyo, na watu bado wanapanda bonde kwenda kumtazama bibi ambaye si bibi.

Waliochora Twyfelfontein walikuwa mababu wa Wasan, watu wa kuwinda na kuchuma. Michoro inayofahamika ni zaidi ya 2,000, na ilichorwa katika muda usiopungua miaka 2,000, hadi wafugaji walipoenea sehemu hizo kama miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 2007 UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza pa Namibia kupata heshima hiyo.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Nilipokuwa nimekaa kwenye kivuli cha jiwe lile la simba, nikimsubiri shemeji aliyekuwa ghafla hataki kuondoka, nilimuuliza mama kwa nini hapa. Jangwa lote hili, mawe yamejaa kila upande, kwa nini wachoraji wakarudi mlima huu mmoja kizazi baada ya kizazi? Akanionyesha kwa kidole juu, kisha chini. Juu ni mwamba wa mchanga, ambao zamani sana ulikuwa vilima vya mchanga wa jangwa jingine lililokwisha kufa. Chini yake ni tabaka la tope la kale lililogandamana likawa jiwe laini. Mvua ikinyesha, hata ile kidogo ya huko, maji yanapenya mwamba wa juu kama kwenye chujio, yakifika kwenye tope yanazuiwa, hayana pa kwenda, yanatokeza ubavuni. Hiyo ndiyo chemchemi. Wanyama walifuata maji, watu wakafuata maji na wanyama. Na lile tabaka laini la chini linaliwa polepole, la juu linakosa mhimili, linapasuka na kuporomoka kwa mabamba makubwa yenye nyuso bapa. Hayo mabamba yaliyoporomoka ndiyo yaliyochorwa.

Kisha rangi. Mwamba ule kwa ndani ni mweupeupe wenye hudhurungi. Wekundu na weusi ulio juu ni utando mwembamba wa madini ya chuma na manganizi, kutu ya jangwa niseme, unaojijenga kwa miaka elfu na elfu. Mchoraji hakuongeza kitu juu ya jiwe. Aliutoboa utando, rangi ya ndani ikatokeza, mnyama akawaka. Kadiri karne zinavyopita utando unarudi na mchoro unafifia kuelekea rangi ya mwamba. Ndiyo maana michoro mingine inaonekana kana kwamba jiwe linaimeza. Na ile michache iliyopakwa, kwenye mapango madogo ya hapohapo, imepakwa udongo mwekundu, na wekundu wa udongo huo ni chuma kilekile.

Kwa hiyo mkiniuliza michoro au milima ya rangi, mimi sioni "au" hapo. Mchoro ni mlima uliokwanguliwa.

Shemeji alipolisikia hili alisema ninahubiri, tuondoke, mlima wake unangoja.

Njiani kuna Mabomba ya Kinanda, bonde dogo ambalo kingo zake ni nguzo za jiwe jeusi zilizosimama kwa mamia, bega kwa bega, nyingine zina urefu wa mita tano. Zaidi ya miaka milioni 120 iliyopita uji wa mawe, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto, ulipenya katikati ya tabaka za zamani, ukapoa, ukasinyaa, ukapasuka kwa mpangilio kama tope la bwawa lililokauka. Nusu saa inatosha. Shuka hadi chini ya bonde, maana ukisimama juu hupati kitu.

Mlima Ulioungua tuliufikia mchana na tukapata funzo lilelile: ulikuwa rundo la majivu. Shemeji aliishiwa maneno, jambo ambalo halijatokea mara nyingi. Nilimbembeleza tusubiri kwenye kivuli cha gari. Ilipofika kama saa kumi na nusu kile kilima kikaanza kubadilika. Kwanza ukaja wekundu, kisha zambarau, kisha katikati yake weusi kama mkaa uliotoka kuzimwa sasa hivi. Jina halidanganyi sana. Hakuna moto uliowashwa pale, lakini uji wa mawe ulipita ndani ya tabaka za tope na ukazioka, kama tofali kwenye tanuri, na kila tabaka ikatoka na rangi yake kulingana na madini iliyokuwa nayo. Usikanyage mteremko wenyewe. Vipande vyake ni vyepesi na vinavunjika, na katika nchi ambayo mvua ni haba alama ya kiatu inaweza kukaa miaka.

Shemeji alipiga picha mpaka giza.

Msitu wa Mawe, ulio njiani kama unatoka Khorixas, mimi ningeuacha kwa mwenye siku mbili. Ni magogo ya zaidi ya miaka milioni 250 yaliyogeuka jiwe. Hayakuota pale, yaliletwa na mafuriko na kufukiwa, na moja lina urefu unaozidi mita 30. Kilichonivuta mimi ni mmea ulio hai kando yake, welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote, yaliyochanika na upepo yakaonekana kama kumi.

Haya, siku moja. Lala karibu, usilale mbali ukategemea kuwahi, maana barabara ile inakula muda na matairi. Beba spea mbili kama gari ni la kukodi, na kagua jeki kabla hujatoka mjini. Alfajiri kunywa maji ya kutosha, beba mengine. Geti likifunguliwa uwe pale. Waongozaji wana njia zaidi ya moja; omba ile inayopita kwa simba, hata kama ni ndefu kidogo. Usimharakishe mwongozaji, naye atakuonyesha yasiyo kwenye kibao. Jua likipanda, ondoka. Kaa kivulini, kula, sinzia. Mlima wa rangi uufikie jioni. Miezi ya kuanzia Mei hadi Septemba hewa ni baridi na kavu. Nje ya hapo joto litaamua ratiba badala yako.

Mikono mfukoni. Hili nalisema kwa ukali. Mafuta ya vidole yanaharibu ule utando, na wapo waliowahi kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Mahali pale palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1952 lakini palikaa bila ulinzi hadi miaka ya 1980, na katika muda huo watu waliandika majina yao juu ya michoro, wengine wakabeba mawe. Nilisimama mbele ya jiwe moja lenye herufi zilizochongwa ovyo na nikaona haya kana kwamba ni zangu.

Niliahidi kurudi kwenye maji. Mlowezi David Levin alifika pale mwaka 1947 akitaka kulisha mifugo, akahangaika na ile chemchemi ambayo leo inatoa na kesho inasita. Alilalamika na kutilia shaka maji yake hadi rafiki akaanza kumtania kwa kumwita David Twyfelfontein, yaani David mwenye chemchemi ya mashaka. Aliponunua ardhi akaliita shamba kwa jina hilo la utani. Wadamara walikwisha iita inayorukaruka. Chemchemi ni ileile moja, na nadhani wote wawili waliieleza kwa haki, kila mmoja akiwa na idadi yake ya ng'ombe.

Shemeji alirudi na picha zaidi ya mia mbili za Mlima Ulioungua, lakini ya simba hana hata moja, kwa sababu asubuhi ile simu aliisahau kwenye chaji garini. Alimchora usiku kwa kalamu nyuma ya risiti ya petroli, akanionyesha kwa fahari. Alikuwa mzuri kweli, mkia umekunjika sawasawa. Nilihesabu vidole: vinne kila mguu.