Mpira unakatika kulia: anza na unavyosimama, kisha hatua ya kwanza ya swingi

Salaam kaka. Swali lako nimelisoma vizuri: umeanza gofu hapa Malindi, una klabu (fimbo za kupigia) chache za mtumba, aini namba 7, ile ya chuma ya masafa ya kati, inakutii siku moja moja, lakini dreva, klabu ndefu ya kupigia mbali, kila ukiipiga mpira unaanza kushoto kidogo halafu unakatika kulia hadi vichakani, na tangu upepo wa kusi uanze hali imezidi. Umeweka na video ya pembeni. Waliotangulia kujibu wamekushauri ununue dreva mpya, na mwingine amekwambia "usiinue kichwa". Mimi nimebeba mifuko ya wachezaji pwani hii kwa miaka kabla sijaanza kucheza, na kazi ya kedi ina faida yake: unamtazama mtu kwa utulivu kabla hajapiga. Ukishawatazama wengi, unajua mpira utakwenda wapi wakati klabu haijafika hata kiunoni. Jibu langu lote liko hapo, tangu unaposhika klabu hadi inapofika kiunoni mwanzoni mwa swingi, yaani kuizungusha klabu ili kupiga. Ya huko juu yaache kwa sasa.

Dreva mpya usinunue. Itakata kulia vilevile, tena mbali zaidi. Wala usione haya kuwa na mfuko usiojaa. Kanuni zinataka klabu zisizidi 14 na hazikuweka idadi ya chini. Na hilo la kichwa nalipinga kwa nguvu, kwa sababu limewaharibu watu wengi. Mchezaji akikibana kichwa chini, mabega yanashindwa kuzunguka, mikono inaachiwa kazi yote, na slaisi, yaani huko kukatika kulia, inaongezeka. Kichwa kikiinuka, mara nyingi ni kwa sababu mwili umepangwa vibaya tangu mwanzo na unatafuta pa kupitia.

Kwanza uelewe kwa nini mpira unapinda, maana bila hilo utakuwa unabahatisha. Zamani walimu walifundisha kwamba mpira huanza kule klabu inakopita. Rada za kupimia mipigo zimeonyesha kwamba uso wa klabu, ule upande unaogusa mpira, ndio wenye usemi mkubwa: kiasi cha asilimia 75 ya uelekeo wa mwanzo kwa aini, na karibu asilimia 85 kwa dreva. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya unakotazama uso na njia klabu inakopita. Mpira wako unaanza kushoto halafu unarudi kulia, maana yake klabu inapita kutoka nje kuja ndani, ikivuka mbele ya mwili wako kwenda kushoto, na uso uko wazi, yaani unatazama kulia, ukilinganisha na njia hiyo. Aini 7 uso wake umelala sana, inaupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma na kosa linafichika. Uso wa dreva umelala nyuzi 9 hadi 12 tu, kwa hiyo kosa lilelile linaonekana lote. Kisha ukipiga kuelekea kusi upepo uko usoni, na upepo wa usoni huzidisha kupinda kokote kuliko ndani ya mpira. Ndiyo maana unadhani kusi ndiyo imekuharibia. Hitilafu ilikuwepo tangu kaskazi, sasa upepo umeifichua.

Sasa mshiko, na hapa naomba usipite haraka, kwa sababu mshiko ndio unaoamua uso utarudi vipi kwenye mpira. Nachukulia unapiga kwa mkono wa kulia. Weka klabu chini kwanza, uso ukitazama lengo sawasawa, ndipo ushike. Wengi hushika wakiwa wima wakiongea na wenzao, halafu wakifika kwenye mpira wanageuza uso kwa viganja ili uonekane umenyooka. Mikono ikienda kasi inarudi ilivyozoea, na uso unafunguka.

Mkono wa kushoto: mpini upite kwenye vidole, kuanzia kiungo cha katikati cha kidole cha shahada hadi pale kidole cha mwisho kinapoungana na kiganja. Ukiulaza katikati ya kiganja, kifundo cha mkono hakikunjiki vizuri. Ukishafunga mkono, tazama chini bila kusogeza kichwa. Unaona vifundo vingapi vya vidole nyuma ya mkono wako? Viwili hadi vitatu ni vizuri. Kwa wapiga slaisi mara nyingi nimeona kimoja, au hakuna kabisa. Mstari unaojikunja kati ya kidole gumba na shahada uelekee bega la kulia. Mkono wa kulia ukifika, kiganja kitazame lengo na kifunike gumba la kushoto. Kama kidole cha mwisho cha kulia kinapanda juu ya vidole vya kushoto, kama mshiko uliojulikana kwa jina la bingwa wa zamani Harry Vardon, au kinafungamana navyo kama alivyoshika bingwa wa Marekani Jack Nicklaus, hilo ni la ukubwa wa mikono yako. Chagua unaoona raha nao.

Mshiko sahihi utauona mgeni, hata utahisi mpira utakwenda kushoto. Usirudi nyuma. Kaa nao nyumbani, ushike na kuachia ukitazama taarifa ya habari, mpaka mikono iuzoee.

Nguvu ya kushika nayo ina shida yake hapa kwetu. Joto na unyevu wa pwani hulowesha mpini, mtu anaogopa klabu isimtoke, anaibana mpaka misuli ya mikono inakakamaa hadi mabegani. Mikono iliyokakamaa haiwezi kuufunga uso. Shika kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara ya Lamu saa za tuktuk nyingi: hatoki, na haumii. Osha mipini kwa maji na sabuni mara kwa mara, maana chumvi na jasho huifanya iteleze, na tembea na kitambaa kikavu ndani ya mfuko, siyo kining'inie nje kikinyonya unyevu.

Kuelekea lengo ndiko kunakowapoteza watu wenye akili. Mpira ukienda kulia, mwili wenyewe unaanza kujipanga kushoto ili kufidia. Miguu kushoto, mabega kushoto zaidi. Mabega yakitazama kushoto, klabu itapita kushoto, uso unabaki nyuma, na slaisi inakua. Wiki ijayo unajipanga kushoto zaidi. Nimewaona watu waliokuwa wanasimama kama wanapiga shimo la jirani, na wanaapa wamenyooka.

Dawa yake ni ya Nicklaus, na ni rahisi kuliko zote. Simama nyuma ya mpira, tazama lengo, kisha tafuta alama hatua chache mbele ya mpira kwenye mstari huohuo: jani kavu, pande la nyasi lililong'oka, ganda la konokono. Kuelekeza uso kwenye alama ya karibu ni rahisi kuliko bendera iliyo mbali. Panga uso kwa alama hiyo kwanza. Halafu miguu, magoti, nyonga na mabega vikae sambamba na mstari huo, kushoto kwake kidogo, kama reli ya pili. Miguu watu huikumbuka. Mabega ndiyo husahaulika, na mabega yana usemi kuliko miguu. Kumbuka pia kwamba mkono wa kulia uko chini ya wa kushoto kwenye mpini, kwa hiyo bega la kulia lazima likae chini kidogo. Ukiyalazimisha mabega yalingane kwa urefu, bega la kulia linakuja mbele, na yote yanageukia kushoto.

Hapa nisimame kidogo, maana ni jambo la kanuni na kedi wengi wa kwetu bado wanalifanya. Tangu kanuni mpya za 2019, kedi haruhusiwi kusimama makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari wa mchezo mara mchezaji anapoanza kujipanga, hadi apige. Wala huruhusiwi kulaza klabu au kijiti chini kikusaidie kupanga miguu ukiwa kwenye raundi. Hata ukikiondoa kabla ya kupiga, adhabu iko palepale, mipigo miwili. Mazoezini laza vijiti utakavyo. Kwenye mashindano macho yako na alama yako ya jani ndivyo vitakavyokusaidia.

Mpira ukae wapi? Kwa dreva, mbele ya ndani ya kisigino cha kushoto, na uuweke juu ya tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, kiasi nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha klabu. Kwa aini 7, nyuma yake kidogo, mbele kidogo ya katikati. Ukiupeleka mbele kupita hapo, mabega yatafunguka kuufuata, na tumesharudi kwenye shida ileile. Upana wa miguu ni wa mabega kwa aini, na zaidi kidogo kwa dreva. Upepo ukikaza ongeza tena kidogo usiyumbe.

Kuinama: inama kutoka kwenye nyonga, usikunje mgongo. Makalio yarudi nyuma, magoti yalegee tu, mikono ining'inie chini ya mabega yenyewe. Uzito uwe katikati ya unyayo. Ukiweza kuchezesha vidole ndani ya kiatu na kisigino hakijanyanyuka, uko sawa.

Sasa hatua ya kwanza ya swingi, kile kipande cha klabu kutoka mpirani hadi kiunoni. Ni kifupi sana, na watu hukipita kwa pupa kwa sababu akili iko kwenye kupiga. Kwa mtu mwenye slaisi kama yako kinachotokea karibu kila mara ni hiki: mikono inaikokota klabu kwenda ndani, nyuma ya mguu wa kulia, huku viganja vikizungusha uso ufunguke. Klabu ikishakwama nyuma ya mwili, njia pekee ya kurudi ni kuitupa juu ya bega la kulia kwenda nje, na ndiyo ile njia ya nje kuja ndani. Utahangaika na bega hilo mwaka mzima, wakati lilichofanya ni kurekebisha kilichoharibika mwanzoni.

Inavyotakiwa, kifua, mikono na kichwa cha klabu vianze pamoja. Kifua ndicho kizunguke. Mikono iende nacho. Klabu ikifika usawa wa kiuno, mpini ukiwa sambamba na ardhi, simama hapo ujikague. Mpini uwe sambamba na mstari wa lengo pia. Mtu akikutazama kutoka nyuma ya mpira, kwenye mstari wa lengo, kichwa cha klabu kiwe kimefunika mikono yako, kisiwe kimejificha nyuma ya mwili. Na ncha ya kichwa cha klabu itazame juu, ikiinama kidogo upande wa mpira kufuata mwinamo wa mgongo wako. Ikiwa uso unatazama mbinguni, umeuzungusha.

Pa kufanyia hili Malindi tumebarikiwa. Nenda ufukweni maji yakipwa, hasa siku za bamvua mchanga mbichi ukiwa mpana na mgumu, na uchague saa isiyo na watoto. Chora mstari wa lengo kwa kijiti, na mwingine wa miguu sambamba nao. Usichukue mpira. Weka kifuu cha nazi sentimita 30 hivi nyuma ya kichwa cha klabu, kwenye mstari wa lengo, halafu anza swingi polepole ukikisukuma kifuu kwa mgongo wa klabu. Kikiteleza kurudi nyuma juu ya mstari, umeanza vizuri. Kikisukumwa kuelekea miguu yako, au klabu ikakikosa kabisa kwa kupita ndani yake, mchanga utakuonyesha alama yote na huna haja ya mwalimu kukuambia. Halafu kunja leso nyembamba, ipite kifuani, uibane kwa makwapa yote mawili, ufanye nusu swingi bila kuiangusha. Leso ikianguka mapema, mikono imeachana na kifua.

Usianze pia ukiwa umeganda. Anayesimama juu ya mpira kwa muda mrefu bila kusogea lazima aikwapue klabu. Tikisa kichwa cha klabu mara moja au mbili, tazama lengo, ondoka. Wachezaji wa kulipwa, kama wale waliocheza uwanja wa Vipingo Ridge kwenye mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open, utaona kila mmoja ana utaratibu wake wa kujipanga na haubadilishi. Nicklaus, pamoja na mataji yake makubwa 18, alikuwa akirudi kwa mwalimu wake Jack Grout kila mwaka, wakaanza upya na mambo ya msingi, mshiko na kusimama.

Kwa sasa weka dreva nyumbani. Tumia aini 7 kwa nusu swingi hadi mpira uanze pale ulipoelekeza uso, hata kama hauendi mbali. Mpira ukishaacha kuanza kushoto, ongeza swingi kamili, dreva iwe ya mwisho.

Kama unaweza, tuma video mbili hapa: moja mtu apige kutoka nyuma yako, simu ikiwa usawa wa mikono yako na ikitazama sambamba na mstari wa miguu, siyo ya pembeni kama ile uliyoweka; nyingine ya mbele, kifua kikiwa kinaonekana chote. Ongeza picha ya mshiko wako kutoka juu, kama wewe mwenyewe unavyouona, nihesabu vifundo.