Uchovu usioisha: uliza nguvu zinapotelea wapi

Kuna uchovu wa kazi, na kuna uchovu unaolala nao na kuamka nao. Wa kwanza unaisha ukipumzika Jumapili. Huu wa pili nawaona nao wengi hapa Moshi, hasa kina mama, na ukimuuliza mtu anakujibu, "Maisha tu haya."

Mimi nauza nafaka Mbuyuni. Kusimama kutwa na kuinua madebe nimezoea tangu usichana. Ilifika mahali nikipanda ngazi nasimama katikati nivute pumzi, moyo unaenda mbio, mikono ya baridi hata kwenye jua la Januari. Na nilikuwa natafuna pemba, ule udongo wanaonunua wajawazito, wakati mimi sina mimba. Zahanati niliyokuwa naenda kila mara walinipima Widal, kipimo cha damu cha kutafuta taifodi, wakaniambia ninayo, nikanywa dawa. Kipimo hicho peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi. Ukishaambiwa una taifodi tena na tena na homa huna, una haki ya kuuliza maswali.

Nesi mmoja jirani yangu ndiye aliyenivuta kope la chini la jicho, akaangalia ndani, akasema, "Dada, humu kweupe kabisa. Kesho usifungue duka, nenda kapime wingi wa damu." Ikatoka 7.9. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa afike angalau 12, mwanaume 13. Hata ile hamu ya udongo mara nyingi inaambatana na upungufu wa madini ya chuma.

Hapo wengi wetu tunaishia: tunanunua vidonge vya kuongeza damu, tunachemsha rozela, basi. Daktari aliyeniona hakuishia hapo. Aliniuliza damu inakwenda wapi. Wazee wetu huku milimani, maji yakikatika shambani, walipanda kufuata mfereji juu mpaka waone ulipobomoka. Kwangu ulibomoka kwenye hedhi: siku nyingi, mabonge, pedi inajaa haraka. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Bila kutibu huo, vidonge vingekuwa vya kunywa milele.

Vidonge nilivinywa, na choo kikawa cheusi, jambo la kawaida. Usiache siku unapojisikia nafuu. Damu ikishafika kiwango, kwa kawaida unaendelea miezi mitatu hivi ili akiba ya madini ya chuma mwilini ijae. Na chai! Sisi bila chai ya maziwa chakula hakishuki, lakini chai inazuia mwili kunyonya madini hayo. Isogeze, saa nzima au zaidi mbali na mlo na vidonge. Mezani weka maini, dagaa, maharage na mnafu, na chungwa au limao pembeni, maana vitamini C inasaidia kunyonya. Kisusio, ile supu ya damu, kina madini mengi, ila kiive vizuri. Rozela inywe kwa utamu wake. Isichukue nafasi ya dawa.

Si kila uchovu ni damu, kwa hiyo usinakili dawa zangu. Unakojoa sana na kiu haikatiki? Pima sukari. Unaona baridi kuliko wenzako, unanenepa, choo kigumu: omba kipimo cha tezi ya thairoidi. Unakoroma mpaka mwenzako anasikia pumzi imekatika, kisha mchana unasinzia kwenye daladala, mwambie daktari hivyo hivyo. Kama mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, na una homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, taja kwa jina bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Kikohozi cha wiki mbili, pima kifua kikuu. Pima na VVU, ujue. Na sonona nayo inachosha mwili. Si uvivu wala kukosa imani.

Wapo ambao vipimo vyote vinatoka safi. Uchovu ukizidi miezi sita, usingizi hauburudishi, na ukifanya kazi kidogo kesho yake unalala kitandani hoi, unaweza kuwa ugonjwa wa uchovu sugu. Hauna kipimo cha maabara, lakini ni ugonjwa wa kweli. Hawa msiwaambie wajikaze wafanye mazoezi, kujilazimisha kunawazidishia. Wanagawa kazi kidogo kidogo na kupumzika kabla ya kuishiwa.

Kina baba, na kina mama mliokwisha kukoma hedhi: damu yenu ikionekana pungufu, msikubali kurudishwa nyumbani na vidonge peke yake. Kwenu mara nyingi inavuja tumboni, kwa vidonda, minyoo ya safura, hata saratani. Ombeni tumbo lichunguzwe. Na choo kikiwa cheusi kama lami wakati huna vidonge vya chuma unavyokunywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.