Damu ya potasiamu haiwekwi friji

Karibuni, mlioanza atachimenti maabara mwezi huu. Ya mtihani mnayajua: pampu ya kwenye utando wa seli hutoa sodiamu tatu, huingiza potasiamu mbili, hutumia ATP moja, yaani nishati ya seli. Kisha mnashika damu ya kupima potasiamu ambayo haijazungushwa kwenye mashine kutenga seli, mnaitia friji, eti isiharibike. Haya, tuelewane.

1. Friji. Ndani ya seli nyekundu potasiamu ni karibu mmol 100 kwa lita. Kwenye seramu, yale maji ya njano yanayobaki damu ikiganda, ni 3.5 hadi 5.0. Utando unavuja saa zote, na pampu ndiyo inayorudisha kilichotoka, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Kwenye nyuzi 4 mchotaji amelala. Tundu halijalala.

Chukua mfano: damu imetolewa Kayole saa kumi na moja jioni, ikalala frijini, boda akaileta mjini asubuhi. Majibu: 7.1. Mgonjwa yuko kwake anafua nguo. Anapigiwa simu, anapanda matatu roho mkononi, anapimwa moyo, anatolewa damu tena: 4.2. Kibaya zaidi, ile seramu ya kwanza ilikuwa ya njano safi. Seli zikipasuka seramu hugeuka nyekundu na hata mwanagenzi anashtuka. Baridi haipasui kitu. Inazima pampu tu, na mashine inasoma kwa uaminifu namba isiyo ya mgonjwa.

Msikimbilie dirishani penye jua pia. Seli nyekundu haina mitokondria. ATP yake yote inatoka kwenye glukosi. Joto likizidi glukosi huisha upesi, pampu inakosa chakula, na sasa umeharibu vipimo viwili, potasiamu na glukosi.

Iache igande wima dakika 30, izungushe dakika 10, tenga seramu kabla ya saa mbili kupita tangu itolewe. Seramu hiyo, ndiyo ya friji.

2. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA ya potasiamu, kemikali inayonasa kalisiamu ili damu isigande. Usimimine kutoka humo kujazia chupa nyekundu, ile ya seramu, jamani! Potasiamu ikipaa na kalisiamu ikaporomoka, tunajua umefanya nini.

3. Chupa ya jeli, ile inayokaa kati ya seli na seramu, haizungushwi mara ya pili: kilichovuja chini ya jeli hupanda juu.

4. Mgonjwa asifunge na kufungua ngumi, misuli nayo inamwaga potasiamu. Na kwenye lebo andika saa damu ilipotolewa, si saa ulipokumbuka kuandika.