Paka Anayekojoa Matone

Swali: Paka wangu dume, ambaye hatoki nje ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, hula chakula kikavu tu, amenenepa, na tangu jana anajikamua akikojoa matone. Nimpe dawa gani?

Jibu: Ndugu msomaji, nakusihi umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, kwani dume aliyezibwa njia ya mkojo anaweza kufa katika siku chache, wala usimpe parasetamoli, ambayo ni sumu kwa paka. Akipona, tazama maisha yake yote: kwa ushauri wa daktari mpe chakula chenye majimaji, mwekee maji safi mbali na mchanga wake wa kujisaidia, hasa katika joto la kaskazi, na umchezeshe kila jioni, kwa kuwa unene na wasiwasi huchochea maradhi haya.